Suke la Langoni

Area D, Dodoma
4 Februari 2024

Baba mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba ile dawa ya kifua niliyokutumia Krismasi umeinywa, hukuiweka juu ya kabati kama ile ya mwaka juzi. Sisi huku hatujambo. Mama bado yuko kwangu, magoti yanamsumbua, ila mdomo haujambo kabisa, anakusalimu. Mjukuu wako Aneth ameingia kidato cha nne. Anasoma mpaka ananitia hofu.

Ofisini wananicheka. Wanasema mtu gani siku hizi anakaa chini na kalamu na bahasha. Wacha wacheke. Masikio yako yamegoma kazi, na ujumbe ukipitia simu ya mdogo wangu Marko unasomwa na nusu ya kijiji kabla haujakufikia. Iddy, yule kondakta wa basi la Mvumi, amekubali kutubebea barua. Kwa hiyo tuandikiane tu, kama wakati ule nilipokuwa bwenini.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Marko ananiambia baada ya mavuno watu wa ardhi watakuja kupima mashamba ya kijiji, kila ukoo upewe hati yake ya kimila. Shamba letu ni la Matonya, na watu wa Matonya wametapakaa, wengine wako Makutupora kwenye mizabibu, wengine Mtera, wengine hata kwetu hawakujui. Kwenye kundi la ukoo wamenipa mimi kazi ya kuwatafuta wote na kuandika nani kazaliwa na nani. Mungu akipenda, Julai tukutane nyumbani, tulijengee kaburi la Matonya pale zizini, tusome majina mbele ya kijiji. Wewe ndiye pekee uliyebaki unayejua habari hizi. Ni babu yako mzaa baba, ulimkuta hai. Niandikie tangu mwanzo alitoka wapi, alifyekaje pori lile, na alizaa watoto gani.

Jambo la pili ni dogo. Marko analalamika kwamba shamba la chini, lile lenye kisima, umempa mwanamke mgeni wa kutoka upande wa Gairo, anaitwa Hamida, na hukumshauri mtu. Anataka aondoke kabla ya upimaji. Huyu ni nani?

Mwanao,
Lea


Nyumbani
3 Machi 2024

Mwanangu Lea,

Mbukwa, salamu ya nyumbani. Marahaba kwa shikamoo yako. Mimi nipo. Kifua kimetulia, dawa nimekunywa yote, unaweza kumuuliza Paulina, mke wa mdogo wako, ndiye anayenisimamia kama askari. Mwandiko wako umeharibika. Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika darasa la pili, na sikukufundisha kuchakura kama kuku. Mwambie mama yako magoti yapakwe mafuta ya ubuyu, na mdomo nao upumzike kidogo.

Mvua zimekuja kwa kuvizia. Tumepanda huu mtama mweupe wa mbegu za dukani, umesimama vizuri, tunamshukuru Mungu.

Umeuliza habari za Matonya. Alikuja hapa na shoka, mke mmoja na ng'ombe wachache, akitokea upande wa Bahi. Hapa palikuwa pori la miiba. Alifyeka peke yake akaanzia kule chini, kwa sababu ndiko mchanga ulikoficha maji, na kisima alichochimba ndicho hicho tunachonywea. Watu wakamfuata mmoja mmoja, kikawa kijiji. Halafu ikaja Mtunya, njaa ile ya baada ya vita vya Wajerumani. Walioiona hawakupenda kuitaja. Watu walichemsha ngozi za kulalia wakanywa mchuzi wake. Mbegu zote zililiwa. Mvua iliporudi, bonde zima mtu mwenye mbegu ya mtama alikuwa mmoja tu, naye ni Matonya. Aligawa kibaba kila mlango. Ndiyo maana mpaka leo ukoo wowote hapa ukichinja, bega la mnyama linaletwa kwetu.

Alizaa wana wanne wa kiume, na wa mwisho ndiye Ndahani, baba yangu, babu yako. Wale watatu wa kwanza na watoto wao nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Mabinti waliolewa, sikuandikii.

Tena usisahau kuandika desturi yetu, watoto wa mjini waijue. Suke la kwanza la mtama kuiva haliliwi na mtu wa nyumba. Linawekwa kwenye lango la zizi, linakaa hapo mpaka ndege au upepo ulimalize. Wewe uliwahi kuligusa ulipokuwa mdogo, nikakuchapa, ukaninunia hadi Pasaka. Tunasema ni la mwenye mbegu.

Kuhusu Hamida, ni mtu aliyeomba mahali pa kulima, nikampa. Shamba la chini lilikuwa limelala bure.

Baba yako mkubwa,
Obedi


Area D
14 Aprili 2024

Baba mkubwa,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa, Iddy anasema korongo lilijaa basi likakaa upande wa pili. Pole na maji, maana naona huko mvua ikija inakuja kubomoa. Huku sote wazima. Mama amekasirika kuhusu mdomo, halafu akacheka, halafu akaomba mafuta ya ubuyu.

Nimefurahi mno na habari za Matonya. Nimezisoma kwenye kundi, watu wamelia. Kuna mmoja wa Makutupora ambaye hata hatujawahi kuonana, amesema sasa anajua kwa nini baba yake alikuwa hawezi kutupa hata punje.

Ila nina maswali mawili, na usinikasirikie. Kama mbegu zote zililiwa bonde zima, Matonya alizitoa wapi? Naye alikuwa na watoto wenye njaa kama wengine. Na mabinti: nimewaandika wote wa kizazi changu na cha kwako. Kwa nini wa Matonya niwaache?

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike haraka. Marko amepiga simu kwa hasira. Anasema Hamida alikuja asubuhi kweupe, akachukua suke la langoni, akawasha moto pale pale, akalioka makaani na kulila akiwa ameketi chini. Anasema wewe ulikuwa kwenye kigoda chako mlangoni unamwangalia, kisha ukanyanyuka ukaingia ndani. Hukumfukuza, hukusema kitu. Watu wanasema mwanamke yule amekuja kuturoga. Mimi mambo hayo siyapendi na unajua, lakini naijua hasira ya kijijini ikianza. Kama ni mpangaji tu, mpe nauli na mahindi kidogo arudi kwao kwa amani. Itakuwa heri kwake mwenyewe.

Mwanao,
Lea


Nyumbani
12 Mei 2024

Mwanangu Lea,

Mbukwa. Salamu kwa mama yako na kwa Aneth. Paulina amejifungua salama mtoto wa kike, hilo ndilo jema nililo nalo.

Ndege wamekuja. Kweleakwelea, wingu zima, wakashuka asubuhi moja mtama ukiwa unakomaa. Mimi kelele zao sikuzisikia, niliona tu watoto wanakimbia na mikebe na midomo yao wazi. Walipoondoka, masuke ya bonde zima yalikuwa makumbi matupu. Shamba letu limeliwa lote. La jirani limeliwa, la mchungaji limeliwa.

La Hamida limesimama.

Wewe si mtu wa shamba tena, kwa hiyo nikueleze. Yeye hakupanda mtama wa dukani. Alikuja na mbegu yake kwenye kibuyu, mtama mwekundu wa zamani, ule wenye uchungu. Ndege wakiwa na mweupe karibu hawaugusi mwekundu. Wazee wote wa hapa walilijua hilo. Lakini wazee wamebaki wangapi? Vijana wanaona shamba moja la mgeni limepona, na mgeni mwenyewe ndiye aliyekula suke la langoni, basi hesabu yao imekamilika.

Kuliitishwa mkutano. Nilikaa mbele, kwenye kiti. Nilikuwa naona midomo inakwenda. Hamida alisimama, akasema maneno machache, akaninyooshea mkono, watu wote wakanigeukia. Nikatazama fimbo yangu. Lea, nilidhani labda wananiuliza habari za mvua.

Mbegu Matonya alizipata kwa watu wa milimani. Hilo nimekujibu.

Marko hanisalimii siku hizi. Njoo nyumbani. Usingoje Julai.

Baba yako mkubwa,
Obedi


Area D
22 Mei 2024

Baba mkubwa,

Shikamoo, na hongera kwa mjukuu. Mama amepiga vigelegele mpaka majirani wamekuja kuuliza.

Kuja siwezi. Bajeti ya wizara yetu bado haijasomwa bungeni, na hadi isomwe hakuna ruhusa hata ya msiba. Nimeomba, nimekataliwa, nimeomba tena. Aneth naye yuko kwenye mtihani wa moko. Nisamehe.

Habari ya mtama mwekundu nimeiulizia kwa mwenzangu wa kilimo, kasema ni kweli kabisa, ndege wanaukimbia. Nimempigia Marko nikamweleza. Amenijibu, "Dada, wewe uko kwenye kiyoyozi." Anasema mwisho wa mwezi mwanamke yule atakuwa hayupo, apende asipende. Nilipomuuliza hayupo kivipi, alikata simu.

Tena ameniambia kitu ambacho wewe hukuniandikia. Kwenye mkutano ule Hamida alisema, "Mimi ni nani, mzee Obedi anajua." Watu wakakuuliza kwa mikono na kwa mdomo, wewe ukanyamaza. Baba mkubwa, hukudhani wanakuuliza habari za mvua. Umefundisha watoto maisha yako yote, ukiwa na masikio na baadaye bila masikio. Unajua mtu akikuuliza.

Hutaki kuniandikia mabinti. Mbegu imetoka kwa watu wa milimani, na huyu mama naye katoka milimani, na mbegu yake kibuyuni. Sitaki kuandika ninachokiwaza, nataka uandike wewe. Hamida ni wetu?

Kama ni wetu, sema. Huna haja ya kunieleza. Nikimpigia Marko nikamwambia Baba mkubwa kasema huyu ni wa Matonya, hakuna mkono utakaomgusa, unajua jinsi wanavyoliheshimu jina lile. Neno moja tu. Hata Iddy mpe kwa mdomo, ataniletea.

Lea


Nyumbani
11 Juni 2024

Lea,

Hamida amekufa.

Barua yako ilinifikia Ijumaa. Niliisoma, nikaiweka mfuko wa shati. Nilisema nitajibu Jumatatu, Iddy anapopita. Jumapili nilikwenda kanisani nayo, nikarudi nayo, nikakaa ndani nabangua karanga. Nikasikia harufu ya moshi. Nikadhani wanachoma mabua. Nilibangua karanga, Lea, huku wanachoma kibanda chake mchana kweupe na watu wametoka kuimba. Yeye alikuwa kisimani. Wanasema wangemwacha akimbie, walitaka kibanda tu na mavuno. Lakini aliingia ndani kuchukua kibuyu cha mbegu.

Alilala hospitali siku chache. Nilikaa karibu naye. Alikuwa ananiambia maneno, mengi, midomo yake ilikuwa inakwenda, na mimi sikusikia hata moja. Nesi alitaka kuniandikia, nikamzuia. Niliogopa. Mpaka sasa sijui kama alikuwa ananilaani au ananiomba maji.

Sasa chukua kalamu uandike.

Matonya alikuwa na mtoto wa kwanza, binti, jina lake Nyemo. Mwaka wa Mtunya alikuwa ameng'oka meno ya mbele, mapya hayajaota. Kulikuwa na mtu wa milimani, upande wa Gairo, mwenye ghala. Matonya alimchukua Nyemo kwa mkono, wakatembea mpaka huko, akamwacha binti, akarudi na mbegu ya mtama mwekundu. Si chakula. Mbegu. Kwa mkewe alisema mtoto amefia njiani. Yule mama akanyoa nywele, akalia, akafa baada ya miaka mingi akiamini mwanawe yuko kaburini. Mbegu ile ndiyo aliyogawa kibaba kila mlango. Kijiji chote hiki kimemla Nyemo, na bega la mnyama tunaletewa sisi.

Walipoachana, Matonya alimwambia mtoto, "Usilie. Kila mwaka suke la kwanza nitakuwekea langoni. Ukija, lichukue, ulioke hapo hapo, ule umeketi, nami nitajua ni wewe." Haya baba yangu Ndahani aliambiwa na baba yake, akaniambia mimi. Akasema, akija yeye au mtu wake akafanya hivyo, msimuulize jina. Mchinjieni mbuzi, mpeni shamba la chini, maana pale ndipo mbegu yake ilipoota kwanza. Kama Matonya aliwahi kwenda kumkomboa, baba hakuniambia, nami sikuuliza.

Hamida ni mjukuu wa Nyemo. Alipokuja mwaka jana kuomba, aliomba shamba la chini, lenye kisima. Nikashtuka, nikajiambia ni bahati. Nikampa, kimya kimya, nikaona nimelipa nusu. Asubuhi ile aliponyanyua suke nilikuwa kwenye kigoda. Alikula taratibu, ananitazama, anangoja. Mimi nilikuwa mtu pekee duniani wa kunyanyuka na kumwambia karibu nyumbani. Nikanyanyuka, nikaingia ndani.

Utaniuliza kwa nini. Niliona haya. Niliona kaburi mnalotaka kulijenga, na majina, na kijiji kimekusanyika, na mimi nikisimama kusema kwamba mtu wetu mkubwa alimtoa mwanawe. Tena sikutaka Marko apoteze kisima. Hizo ndizo sababu, sina nyingine, na nikiziangalia hapa kwenye karatasi naona ni ndogo kama chawa.

Pale hospitali nilimwambia mwishoni. Nilisema kwa sauti, "Nyemo alikuwa shangazi yangu. Karibu nyumbani." Labda nilipiga kelele, maana wodi yote iligeuka. Kama alisikia, sijui. Alikuwa amefumba macho.

Waislamu wa hapa wamemzika, nikaomba iwe shamba la chini. Sheikh alipiga simu Gairo kutafuta ndugu. Kule wamesema mama yake alizaliwa na Nyemo, yeye hakuzaa, na nyumba yao alikuwa amebaki peke yake. Ndugu aliokuwa amebakiza ni sisi.

Polisi wamechukua vijana wawili. Wanasema Marko alikuwepo. Mimi sikumwona. Tangu Jumapili ile hajarudi, na Paulina ana mtoto mchanga. Je, yuko kwako?

Obedi


Area D
30 Juni 2024

Baba mkubwa,

Shikamoo. Pole. Sijui niandike nini baada ya hapo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama jikoni, nikaisoma tena nimekaa. Nilitaka kukukasirikia na nimekukasirikia, kisha nikamkumbuka yule aliyeandika mwezi wa nne, mpe nauli na mahindi kidogo arudi kwao. Huyo alikuwa ni mimi.

Nimemwandika Nyemo. Nimemweka wa kwanza, juu ya wale wana wanne, na Hamida chini ya mstari wake. Kwenye kundi la ukoo wengi hawajajibu. Yule wa Makutupora ameandika kwamba mambo mengine si ya kusomewa watoto. Mkutano wa Julai nimeuahirisha.

Huku sote tupo. Mama magoti yamezidi, na usingizi umempotea. Maji ya bomba yanatoka siku moja siku mbili hayatoki, na unga unaisha haraka, sijui tunaupeleka wapi. Aneth amefanya moko vizuri, ila siku hizi analala na bibi yake, chumba chake kina kazi nyingine. Marko hajapiga simu.

Msalimie Paulina. Mwambie asihangaike sana.

Mwanao,
Lea


Nyumbani
14 Julai 2024

Mwanangu Lea,

Mbukwa. Paulina na mtoto wanaendelea, ila maziwa yamepungua kwa mawazo. Mimi nakula, nalala.

Unaniandikia kwamba Marko hajapiga simu. Mtu aliye chumba cha pili hapigi simu.

Sikulaumu. Barua yako niliisoma nikajiona mwenyewe na fimbo yangu. Ni mdogo wako, umembeba mgongoni, na mama yako yuko hapo anakutazama, najua anakutazama vipi. Naye Matonya alimwambia mkewe mtoto amefia njiani kwa sababu hakuweza kumtazama usoni. Tunajua kunyamaza sisi. Tumefundishana vizuri, kuliko hata mwandiko.

Nakutumia kopo kwa mkono wa Iddy. Ni mtama mwekundu. Nesi alinikabidhi kitambaa cha Hamida, ulikuwa umefungwa ndani. Punje nyingine zimeungua, nyingine ni nzima na zitaota. Usiupike. Uweke mezani mahali atakapouona.

Uliniomba neno moja, nikachelewa. Sasa mimi nakuomba wewe.

Obedi


Area D
4 Agosti 2024

Baba mkubwa,

Shikamoo.

Alikuwa kwangu. Alikuja siku ile ile ya Jumapili jioni, na nguo ambazo Mama alizifua kabla sijauliza. Nilimpa chumba cha Aneth. Sikumuuliza kitu, maana nikiuliza nitajua.

Kopo nililiweka mezani wakati wa chai. Aneth alikuwa shule. Marko alifungua, akamimina punje kiganjani, akaona zile zilizoungua. Hakuuliza zimetoka wapi. Akasema, "Baba mkubwa kasema nini?" Nikamwambia kasema yule alikuwa dada yetu, binti wa binti wa Nyemo, mtoto wa kwanza wa Matonya. Kasema suke lile lilikuwa lake tangu zamani, na shamba lilikuwa lake. Nikamsomea barua yako yote ya Juni. Mama alikuwa analia, anasema Lea nyamaza, Lea inatosha. Sikunyamaza.

Marko alirudisha punje koponi, akasema, "Angesema." Akarudia tena na tena, "Angesema tu. Mimi ningemchinjia mbuzi." Ndivyo alivyosema, nakuandikia kama yalivyo, hata kama yatakuumiza. Kiberiti kilikuwa chake. Hilo nalo amelisema.

Nilikwenda naye polisi mwenyewe. Tulitembea kwa miguu kutoka hapa, hakutaka bajaji. Mlangoni alinishika mkono kama alivyokuwa akinishika tukivuka korongo kwenda shuleni kwako. Kisha akaniachia akaingia. Mama hasemi na mimi. Amehamia kwa dada yake, na ameniambia kwamba nimemtoa mdogo wangu kama Matonya alivyomtoa mwanawe. Sijui kama ni sawa. Nalala nalo neno hilo.

Paulina nitamchukua mimi na mtoto, mwambie ajiandae.

Askari watakuja kwako kuchukua maelezo. Watakuandikia maswali. Usijibu kwa kalamu, Baba mkubwa. Toka nje, simama pale langoni, ujibu kwa mdomo na kwa sauti, kijiji kisikie ulichokijua na lini ulikijua. Mimi nitakuja nisimame karibu yako.

Punje zilizo nzima nimezitenga. Mvua za Desemba zikianza tutazipanda shamba la chini, karibu na kaburi lake, na kwenye hati shamba lile nimesema liandikwe jina la Nyemo, waniulize watakavyo. Ila ukivuna mwakani, suke la kwanza usiliweke langoni. Aliyekuwa akingojewa alishakuja.

Mwanao,
Lea